Sheria ya Buibui na Farasi

Kiangazi chote hiki swali moja limeninyima usingizi: siku ile kule msituni, nilikuwa nimebaleghe au bado? Kama bado, uongo wangu ulikuwa wa kitoto na haukuandikwa na malaika. Kama tayari, umeandikwa, na kila mwanamke aliyeuamini baada ya pale ameniongezea mstari. Nimehesabu miezi kwa kalenda ya hapa, nikahesabu kwa ya Kiislamu, zikigongana naanza upya. Mwezi wa tano nimepata shahada ya hisabati. Hesabu hii imenishinda.

Enzi zetu (najua, nina miaka ishirini na mmoja, lakini ninyi mliokua nami kwenye yale majengo ya matofali ya Columbia Heights, hapa Amerika, mtanielewa), enzi zetu mandari ilikuwa mandari. Hakukuwa na mtu wa kusema yuko bize. Jumamosi tuliamshwa na harufu ya bizari iliyopita chini ya milango mpaka ngazini, na sufuria ya pilau ikateremshwa imefungwa blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Sisi watoto tulipakiwa nyuma ya gari pamoja na majamvi, chupa za chai na beseni la mahamri, na ole wako ukanyage mahamri. Tulishuka na barabara kuu ya I-35 hadi majengo yakaisha, Burnsville ikapita, mahindi yakaanza, kisha tukaingia kwenye ule msitu wa jimbo ambao wazee wetu hawakuwahi kulijua jina lake. Waliuita tu "kwa farasi."

Kulikuwa na njia mbili, moja ya waenda kwa miguu na moja ya farasi, na sisi siku zote tulijikuta kwenye ile ya farasi, tukiruka kinyesi huku tukipiga mayowe. Misonobari ilinuka kama sabuni. Mbu walikuwa wakubwa, na Baba aliwaambia kwa Kiswahili kwamba wametukuta wageni wasituonee. Adhuhuri aliangalia jua, akaangalia saa, akatangaza kibla, na tukasali kwenye jamvi huku majani yakituangukia mgongoni. Ndugu yangu Swaleh, ambaye sasa ana miaka kumi na mmoja, nilipomwambia juzi kwamba tunaenda tena, aliniuliza kwa Kiingereza kama msituni kuna mahali pa kuchomeka mchezo wake wa televisheni.

Tena enzi zetu sisi watoto ndio tulikuwa wakalimani. Kwa daktari, kwa mwenye nyumba, kwenye simu ya umeme, mzazi alisimama nyuma yako na kusema, "Anasemaje?" Nani kati yetu hakutumia nafasi hiyo? Mwalimu aliposema nazungumza kupita kiasi darasani, nilimweleza Mama kwamba amesema nashiriki vizuri. Mama akamshika mwalimu mkono kwa mikono yake miwili. Uongo huo haunisumbui. Unaonisumbua ni ule wa pale kwa farasi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mwaka wetu wa kwanza Amerika. Baada ya kula, Mama aliondoka jamvini akaenda kusimama kwenye uzio wa mbao, nami nikamfuata. Alikuwa akimwangalia farasi mmoja wa kahawia kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akiangalia kitu chochote cha nchi hii.

"Mimi Lamu nilikuwa nikimpanda punda wa ami yangu mpaka Shela na kurudi," alisema. "Bila tandiko. Nilipofika miaka kumi na mmoja wakaniweka ndani kama mwari, ikaisha."

Mwenye farasi, bibi mmoja wa Kizungu mwenye kofia ya majani, alimsogelea akicheka. Akaniambia: mwambie mama yako, kama anapenda, nitampandisha nimzungushe polepole hapa uwanjani.

"Anasemaje?" Mama aliuliza.

Upande wa pili wa uzio walikuwa wasichana wawili wa darasa letu, wamevaa buti, wanatafuna chingamu. Nikaliona buibui la Mama likipepea juu ya farasi. Nikaiona Jumatatu shuleni.

"Anasema sheria ya hapa hairuhusu buibui juu ya farasi."

Mama aliondoa mkono kwenye uzio. "Ah," akasema. "Basi. Mwambie ahsante."

Nikamgeukia bibi nikamwambia mama yangu anaogopa farasi. Bibi akampa pole kwa macho, Mama akamjibu kwa tabasamu, wakaagana kama marafiki, na mimi peke yangu katikati nikijua walichoambiana.

Ningeweza kuishi na hilo. Lakini Mama hakuificha ile sheria. Aliwaambia wanawake wenzake kwa nia njema kabisa, wasije wakaaibishwa. Kila familia mpya ikifika kutoka Mombasa au Malindi, Mama ndiye aliyewafundisha mambo ya hapa: koti la kununua, basi la kupanda, na kwamba kule msituni farasi ni haramu kwa mwenye buibui, sheria ya jimbo. Miaka tisa. Wanawake wa Columbia Heights mpaka New Hope wamekaa majamvini wakiwachungulia farasi kwa mbali, kwa sababu mimi niliogopa wasichana wawili ambao hata majina yao yamenitoka.

Mwezi wa sita, kwenye arusi, Mama Fatma aliyefika majuzi aliambiwa sheria hiyo mbele yangu. Binti yake wa miaka minane akauliza, "Na mimi nikikua?" Mama akamjibu, "Ukikua, na wewe."

Sahani ya biriani ikanishinda.

Tangu siku hiyo nimegeuza jambo hili kila upande. Nikisema, Mama ataonekana mwongo mbele ya watu wanaomwamini. Nisiposema, mwezi ujao nahamia Chicago kwa kazi, na atabaki na Swaleh, ambaye ukimwambia "Anasemaje?" anakujibu kwa Kiingereza. Nilifikiria kumwandikia barua. Nilifikiria kumwambia kwamba huenda nilisikia vibaya, na nikaona huo ni uongo wa tatu.

Mwisho nikaitisha mandari. Wanawake wakaja kwa magari matatu. Nilimwomba Mama apande langu, sisi wawili tu na sufuria, na tulipoipita Burnsville nikamwambia yote, macho yangu barabarani: bibi wa kofia, alichosema, nilichosema.

Mahindi yakapita, mengi.

"Hata yule bibi ulimdanganya?"

"Nilimwambia unaogopa."

"Mimi?" Hilo ndilo lililomuuma. "Mimi niogope farasi?" Kisha akaangalia dirishani mpaka tukafika, nami nikapitwa na lango, nikalazimika kugeuza.

Msitu ule ni uleule, ila siku hizi wamejenga choo cha maana na farasi wanakodishwa kwa saa. Watoto walikaa ndani ya gari na michezo yao ya mkononi, wakalalamika kuhusu mbu ambao Baba angewasalimia kama angekuwepo. Tulipokuwa wadogo tuliruka kabla gari halijasimama. Wanawake wakatandika majamvi palepale pa siku zote, mbali na uzio. Mama hakukaa.

"Jamani," akasema. "Ile sheria ya farasi imefutwa."

"Wallahi? Lini?" akauliza Mama Fatma.

"Leo asubuhi."

Nilifungua mdomo. Mama alinitazama mara moja, nikaufunga. Alikuwa amenisitiri, lakini hakuwa amenisamehe, na alitaka nijue tofauti.

Akatembea mpaka kwenye uzio, wenzake wakimfuata kwa kicheko na minong'ono. Mwanamke anayesimamia farasi akaja na fomu, akaniuliza mimi maswali badala ya kumuuliza yeye.

"Anasemaje?" Mama aliuliza. Sauti ileile.

"Anataka kujua una uzito gani."

Nyuma yetu wakaangua kicheko. "Mwambie wa kutosha."

Nikamwambia wa kutosha.

"Na anauliza kama umewahi kupanda."

Mama akavua mkoba begani. "Mwambie punda. Mwambie nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mwambie sikuacha kwa kupenda."

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo, amewahi, yule mwanamke aandike na tuendelee. Fomu ilikuwa na kisanduku kidogo tu. Lakini nikasema yote, punda, Lamu, ami, miaka kumi na mmoja, sikuacha kwa kupenda, taratibu na kwa sauti, mpaka yule mwanamke akashusha kalamu akamtazama Mama badala ya kunitazama mimi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia yote."

"Haya," akasema. "Nishikie mkoba."