Kosa la Dakika ya Pili

Mara ya kwanza kulisikia gitaa la yule bwana nilidhani simu imeharibika. Nilikuwa nimekaa mlangoni pangu, Juru, huku kwenye kambi ya wakimbizi, nachambua maharage ya mbegu. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akanichomekea waya wa simu sikioni bila kuniomba ruhusa, kama mtu anayemnywesha ng'ombe dawa. Zikaja noti nyingi, zikapanda, zikashuka, zikakanyagana. Nikauchomoa.

"Hii ni nini?"

"Jazi, shemeji. Ile ya kuchanganya na roki. Uyu mutu anaitunga palepale, haiko imeandikwa fasi yoyote."

"Inasikika," nikamjibu. "Mwenye akili angeandika kwanza."

Sikuwa na sababu nzuri ya dharau yangu, na sitajifanya kwamba nilikuwa nayo. Mimi nimekulia kwenye solfeji. Kule Kivu ya Kusini, kabla hatujakimbia, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na wimbo nikiusikia mara mbili naweza kuuandika kwa do-re-mi, sauti zote nne. Hapa naongoza kwaya ya kanisa letu. Kwa miaka mingi nimewadharau wapiga gitaa wa makanisa: wanajua nyimbo kumi, wanazipiga zote kwa namna moja, kisha wanasimama mbele ya waumini kana kwamba waliomba mvua ikanyesha. Shemeji ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mtu mzima, ana mke na watoto, na bado alikuwa akiingia ibadani na miwani myeusi. Vidole vyake vilikuwa vyepesi ajabu, hilo siwezi kumnyima. Masikio alikuwa ameyabeba tu.

Alikuwa amesikia kwamba bendi moja ya hotelini, Mbarara, inatafuta mpiga gitaa, na kwamba kiongozi wake anaipenda sana jazi ya namna hiyo. Akaazimia kuingia kwa kupiga solo moja ya yule bwana wa kwenye simu kama ilivyo, yaani ile sehemu ambapo wenzake wanashikilia mdundo naye anaachiwa njia. Solo yenyewe ilikuwa ya dakika nne. Alijaribu peke yake wiki nzima, akaambulia sekunde chache za mwanzo, nazo alizipiga vibaya. Ndipo akanijia mimi na daftari la shule la mtoto wake.

"Uniandikie, shemeji. Wewe unasikia."

Alijua pa kunishika. Sifa ile niliipokea mara moja, na nikaianza kazi nisiyoiheshimu kwa ajili ya mtu nisiyemheshimu.

Tulifanya hivyo karibu kila siku alasiri, tukitoka shambani. Simu ile ilikuwa na namna ya kupunguza mwendo wa wimbo, ukaenda nusu ya kasi yake, na gitaa likawa kama mlevi anayesimulia safari yake. Mimi nasikiliza, naimba, naandika. Yeye anatafuta kwenye nyuzi. Mwanzo ulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Yule bwana alianza na noti tatu tu. Akazirudia. Akazirudia tena, ila ya mwisho akaisogeza juu kidogo. Mara ya nne akaisogeza ya katikati. Nikamwambia shemeji, "Umeona? Hana haraka. Anauliza swali moja kwa namna nne."

"Sawa," akasema. "Tupite mbele. Fasi ya mbio iko wapi?"

Fasi ya mbio ndiyo aliyoipenda. Ilikuwa karibu na mwisho, noti zinamwagika kama mahindi kutoka kwenye gunia lililotoboka. Niliiandika kwa siku tatu, na nilipomaliza nikaona ni ngazi tu. Mtu anapanda, anashuka, anapanda tena. Nikamwomba shemeji anisikilizishe solo nyingine mbili za mtu huyohuyo, na humo nikazikuta mbio zilezile, kwa mpangilio uleule. Hayakuwa mawazo, ni mazoea ya vidole. Nilimwambia hivyo bila kumpunguzia.

"Hapa bwana wako amelala. Vidole vinatembea vyenyewe."

"Dunia mzima inampigia makofi hapo!"

"Dunia nzima inampigia makofi na pasta wetu akipaza sauti."

Dakika ya pili ndiyo iliyonisumbua. Kuna noti moja pale ambayo haikutaka kukaa. Wimbo wote unaelekea sol, sikio linangoja sol, naye anapiga fa diyezi, nusu hatua chini yake, tena kwa nguvu, na anaiacha inaning'inia. Niliirudia mpaka mume wangu akahamia kwa jirani na kiti chake. Nilifuta, nikaandika, nikafuta. Mwishowe nikaacha kulisikiliza gitaa, nikasikiliza kilichokuwa chini yake, kwa sababu kulikuwa na mnong'ono nilioudhania ni uchafu wa simu. Haukuwa uchafu. Yule bwana alikuwa anaimba. Alikuwa akiguna kila noti kwa mdomo huku anaipiga, kama mama anayekoroga ugali na kuunong'onezea. Basi sauti yake ilienda sol. Kidole kikaenda fa diyezi.

Alikuwa amekosea.

Nilicheka peke yangu. Kilichofuata ndicho kilichonichekesha zaidi: akaipiga ile fa diyezi tena, makusudi, na mara hii mdomo ukaifuata. Akaipiga mara ya tatu. Halafu akaizungukia, noti ya juu yake, noti ya chini yake, akairudia, mpaka ikaonekana kama mgeni aliyealikwa na kuandaliwa chakula. Namjua mhubiri mmoja anayepoteza mstari katikati ya mahubiri. Hasemi amepotea. Hurudia neno la mwisho mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, na waumini wanaitikia amina, naye huku anautafuta ukurasa. Nimemdharau mtu huyo miaka yote. Sasa nikawa namsikia tena kwenye waya wa simu, ila huyu alikuwa hodari.

Nilimwita shemeji, nikamwimbia sauti, nikamwimbia kidole, mpaka akakubali kwamba vinatofautiana.

"Kwa hiyo hapa usipige kama yeye," nikamwambia. "Kosa hili ni lake. Wewe ukifika hapa piga sol, au ukosee la kwako, ulirudie, utafute mlango wa kutokea. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya."

Alinitazama kama mtu niliyemwambia akaibe.

"Mimi minataka ile yote, shemeji. Vile iko. Na kosa pia."

Basi nikamwandikia na kosa pia. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshachoka naye, nilimfundisha kama ninavyowafundisha sauti ya tatu wimbo wa Pasaka: mstari kwa mstari, rudia, rudia, usiongeze, usipunguze. Akaushika wote. Jirani mmoja alisema hawezi kutofautisha simu na shemeji, na shemeji akatembea na maneno hayo Juru nzima.

Siku ya majaribio niliandamana naye hadi Mbarara, kwani nilikuwa na kitambaa cha sare za kwaya cha kununua. Asubuhi tulizunguka madukani, na mchana, mzigo wangu mkononi, tukaingia kwenye ukumbi ulio nyuma ya hoteli. Bendi ilikuwa imekaa kwenye viti vya plastiki. Kiongozi alikuwa mzee wa makamo, Munyankore, mwenyeji wa kule, aliyewahi kupiga tarumbeta kwenye bendi ya jeshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambi za jeshi. Kwenye besi alikaa kijana wa chuo kikuu mwenye daftari lililofunikwa kwa plastiki. Wengine sikuwajali.

Walianza wimbo uleule, kwa sababu shemeji alikuwa amewatumia habari kwamba ndio anaoujua. Waliupiga polepole kuliko kwenye simu. Mtu yeyote mwenye masikio angetulia, akawafuata. Shemeji akaingia na noti zake tatu kwa kasi ya simu, akawatangulia, akawangoja, akawatangulia tena. Hata hivyo niliona mpiga ngoma anainua nyusi kwa furaha, maana vidole vilikuwa vinang'aa. Ikafika dakika ya pili. Shemeji akafumba macho, akakunja uso kwa uchungu, akapiga fa diyezi ya mtu mwingine.

Yule mzee akainua mkono. Bendi ikanyamaza.

"Mzuri sana," akasema. "Sasa wewe leta ya kwako."

Shemeji akafuta mikono kwenye suruali. Bendi ikaanza tena. Akaja na noti tatu zilezile, kwa mpangilio uleule. Mzee akainua mkono tena.

"Hapana hii, ssebo, bwana wangu. Hii iko kwa simu. Sisi pia iko na simu. Nimesema ya kwako."

Mara ya tatu shemeji hakupiga kitu. Walizunguka mdundo mara moja, mara mbili, naye amesimama na gitaa kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu. Mpiga ngoma alicheka. Nami, najua ni vibaya kusema, nilifurahi kidogo.

"Nani nafundisha wewe hii?" mzee akauliza.

Shemeji akaninyooshea kidole. Wote wakageuka kuniangalia, mwanamke na kitambaa chake cha zambarau.

"Mama, wewe napiga gitaa?"

"Sipigi. Ninasikia."

Nikamweleza, kwa kuwa aliuliza, kwamba nilimkataza shemeji kuliiga lile kosa la dakika ya pili. Mzee akakunja uso. Mtu mkubwa kama yule hakosei, akasema. Kijana wa besi akafungua daftari lake haraka, akanionyesha ukurasa wenye mishale na jina refu la Kiingereza. Noti ile, akanieleza taratibu kama anayemwelekeza bibi njia ya hospitali, inatoka kwenye ngazi maalumu, na ngazi hiyo ina jina, na mabwana wa jazi wanaitumia makusudi. Alikuwa na ukurasa mzima wa maelezo kuhusu jambo ambalo hakuwahi kulisikiliza. Dharau yote niliyokuwa nimemwekea shemeji nikaihamishia kwake palepale.

"Weka kwenye spika kubwa," nikasema. "Usisikilize gitaa. Sikiliza mdomo."

Wakaweka. Hawakusikia. Nikaimba pamoja na mnong'ono ule, nikaunyooshea mkono ulipofika sol. Wakarudia. Mara ya pili mpiga ngoma akaacha kutafuna karanga zake. Mara ya tatu mzee akajipiga paja.

"Banange! Kweli. Mdomo nakwenda huku, kidole nakwenda kule."

"Labda anaimba sauti ya pili," kijana akasema.

"Labda," nikamjibu. Sikuwa na nguvu ya kumsaidia zaidi.

Shemeji hawakumchukua. Mzee alinifuata mpaka mlangoni, akaniomba niwe nakuja mara moja kwa mwezi niwaandikie solo nyingine. Nilikataa kwa adabu. Nilishaona wangeyafanyia nini maandishi yangu: kijana yule angeyapa majina.

Tulikuwa tumekaribia kufika nyumbani shemeji aliponigeukia.

"Umeniharibia," akasema.

"Vipi?"

"Wewe ndiye ulinifundisha vile. Rudia, rudia, usiongeze. Halafu pale mbele ya batu unawaambia eti ulinikataza."

Nilimwambia mara moja afanye la kwake, kwa nusu dakika, kisha nikamfunga kamba wiki zote zilizobaki, kwa kuwa kumfunga mtu kamba ndiyo namna pekee ya kufundisha ninayoijua. Dharau ni kitu chepesi kubeba ukiielekeza kwa wengine. Siku ile nilionja uzito wake, na sikupenda.

Hakurudi kwangu na daftari. Miezi michache baadaye alipata kundi la muziki wa harusi upande wa Bwizibwera, kwa wafanyabiashara wa maziwa, wanaotaka sebene, gitaa la kuchezea dansi, na hawamuulizi mtu ya kwako iko wapi. Kaenda na miwani yake. Mke wake anasema ana furaha. Namwamini.

Mimi niliendelea peke yangu na solo moja zaidi, kwa ukaidi. Haikuwa na kosa hata moja, na nikaiacha katikati.

Katika kwaya yangu kuna mama mmoja Mrundi, muuza nyanya, anayeimba sauti ya pili. Solfeji haijui, na nilimweka mstari wa nyuma kwa sababu hakai kwenye njia yake. Jumamosi moja, tunafanya mazoezi, nikamsikia nyuma ya wenzake akichukua noti tatu za mwisho wa ubeti, anazirudia, anaisogeza moja. Nikasimamisha kwaya yote. Wenzake wakamtazama kwa huruma, wakijua atasemwa.

"Imba tena hiyo," nikamwambia, nikishika kalamu.

Akaimba. Haikuwa ileile.

"Siyo hiyo. Ile ya kwanza."

"Ile imekwisha, mama," akasema, bila ubaya wowote, akiwa anajifunga kitenge.

Nilikasirika kwelikweli. Nikamwambia aje mstari wa mbele, karibu na sikio langu, akasogea taratibu, na wale wa sauti ya kwanza wakaanza kunung'unika kwamba nafasi hazitoshi.