Wimbi Juu ya Sola

Januari ile kabichi zangu zilikuwa zimeanza kulala, na pampu ya sola niliyofunga kando ya mto ilikuwa haijatoa maji kwa siku mbili. Jua lenyewe lilikuwa kali hata majani chai yalikuwa yakiungua. Nikampigia simu fundi wa Kaplong, nikamwambia ameniuzia takataka. Aliniuliza kwa upole kama nimeenda kuiangalia. Nikamwambia mimi si mtoto, nikakata simu.

Kisha nikateremka kuiangalia, maana kweli sikuwa nimeiangalia.

Nilimkuta mama. Juu ya sola, iliyoinuliwa kwa vyuma mpaka usawa wa kifua, tangu juzi alikuwa amefunga gunia kwa kamba pembe zote nne, na juu ya gunia ameanika nafaka ya wimbi aliyoiosha kabla ya kuipeleka kusagwa. Alikuwa akiigeuza polepole kwa kiganja. Kuku waliomfuata walizunguka chini wakilalamika. Miaka yote alipoanika chini, wao ndio waliokuwa wa kwanza kula.

"Mama, hiyo sola ndiyo inapata jua ili maji yapande!"

"Jua si liko hapa la kutosha?" akasema bila kugeuka. "Ama ulinunua lote?"

Nikanawa mikono mtoni, nikamsaidia kugeuza mpaka ikakauka.

Jioni fundi alipiga simu kuuliza shida ilikuwa nini. Nikamwambia ni waya tu ulikuwa umelegea.