Mshenga wa Mume Wangu

Mume wangu anaweza kufungua pampu ya mgodi na kuifunga tena huku amefumba macho, lakini mwambie ajisifu uone. Atakohoa. Atatazama viatu vyake. Atakuuliza kama mvua ya jana imeharibu mahindi. Mimi Mungu alinipa mdomo wa watu wawili, na nadhani mmoja ulikuwa wa kwake.

Tunakaa Kapata, hapa Kolwezi, kwenye nyumba za kampuni ya zamani, zile zinazofanana hata mlevi huingia kwa jirani akavua viatu na kuuliza bukari, ugali wetu, iko wapi. Kazi ya kampuni ilipokwisha, mume wangu alihamia kwenye kiti cha plastiki uani, chini ya kamba ya nguo. Asubuhi yupo. Nikirudi sokoni na majani ya sombe, yupo. Alitengeneza redio yetu, akatengeneza na ya jirani, halafu akaifungua tena yetu, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Hapo nikaanza kuogopa. Alikuwa anapungua machoni pangu kama kipande cha sabuni.

Ndipo tukasikia kwamba huko mgodini Fungurume wanatafuta fundi wa pampu atakayewafundisha vijana kazi. Kazi ilikuwa yake kabisa! Ila wakubwa wa pale wanaongea Kiingereza, na anayeitaka lazima akae mbele yao aeleze yeye ni nani. Parokia yetu ilikuwa na darasa la Kiingereza kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Nikamwandikisha. Na kwa kuwa namjua, nikajiandikisha na mimi, nikakaa naye benchi moja ili asitoroke.

Mwalimu wetu alikuwa bwana mmoja mfupi aliyesoma Zambia. Jumamosi moja alitufundisha maneno ya sifa. Kwa Kiingereza, alisema, sifa ikiwa peke yake hutangulia: "a proud man", kwanza majivuno, halafu mtu. Darasa zima tukaguna. Tangu lini sifa ikafika kabla ya mwenyewe? Kwetu mtu anafika kwanza, tunamtazama vizuri, ndipo tunasema ni mrefu au ni mnene.

"Ngojeni," mwalimu akasema. Sifa ikiwa na mzigo wake, hurudi nyuma ya mtu: "a man proud of his work", mtu anayejivunia kazi yake. Mwenye mikono mitupu atangulie, mwenye beseni kichwani afuate nyuma.

"Voilà!" nikasema kwa sauti. "Hapo wamepata akili."

Kisha akatuonyesha kwamba kila sifa ina kijineno chake, wamefunga ndoa ya kanisani na hawaachani. "Afraid", mwenye woga, ameoa "of". "Good", ukitaja ufundi wa mtu, anatembea na "at". "Angry", ukimkasirikia mtu, yuko na "with". Na yule "fond", wa kupenda, hawezi hata kutoka mlangoni bila "of" wake. Mama mmoja wa nyuma akapiga kofi. "Huyo ni bwana yangu kabisa!"

Tulipotakiwa kutoa mifano, nani aliinuka kwanza? Mimi. "I am a wife tired of my husband," nikasema, mke aliyechoka na mume wake. Wee! Darasa lilicheka mpaka mwalimu akageukia ubao. Mume wangu hakucheka. Alikuwa anachonga penseli ambayo ilishachongoka.

Zamu yake ikafika. Mwalimu akamwanzishia: "I am a man good at..." Alichotakiwa ni kumalizia tu. Akasimama. Akakohoa. "Good at," akasema, akaketi.

Njiani nikamwakia. "Tata, ni neno moja tu! Pampu! Ungesema pampu!"

"Mama, mi siwezi kujisifu. Mutu anasifiwa na benzake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Ah bon? Kizuri chako kinakaa kwenye kiti cha plastiki tangu mwaka jana, mbona munuzi hapiti?"

"Na weye, ulishanisifu siku gani?"

Nikamjibu haraka haraka: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Akaongeza mwendo. Jibu lile halikunipendeza hata mimi mwenyewe.

Tulipofika karibu na nyumbani akasimama. "Siku ya mahari, mi nilijisemea? Baba mukubwa njo alinisemea. Alisema mi ni mutu wa kazi. Mi nilikaa tu, nilinyamaza, na nikakupata. Sasa huko Fungurume nitaenda na musemaji."

"Musemaji gani?"

"Weye."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta wa watu. Yeye hakuwa anatania.

Basi tukaenda. Barabarani malori ya mgodi yalitutimulia vumbi hadi nyusi zetu zikawa nyekundu. Pale getini mlinzi akanizuia. "Mama, hapa banaingia benye kutafuta kazi tu." Mume wangu akaniangalia mara moja, akaingia peke yake na begi lake. Nikakaa kwenye jiwe nje ya ukuta, nikirudia kimoyomoyo maneno niliyoyafanyia mazoezi wiki nzima mbele ya masufuria. Nilikuwa na hasira na mlinzi, na mgodi, na Kiingereza, na yule mwanaume mwenye kikohozi. Hasira zangu zinapozidi namna hiyo, ujue ninaogopa.

Haikupita muda mlinzi akaja mbio. "Mama, banakuita!"

Ndani walikaa watu watatu, na katikati yao mama mmoja wa Kizambia mwenye miwani. Mume wangu alikuwa mbele yao anatazama viatu. Nikajua kwamba ameshakohoa.

"Mume wako anasema wewe ndiye utakayemsemea," yule mama akaniambia kwa Kiingereza, polepole ili nielewe. Akaongeza kwamba hata kwao mchumba hajisemei, kuna mshenga. "Haya, mshenga, sema."

Mdomo haukuniangusha, hata kwa Kiingereza. Mtu hodari wa pampu. Mtu anayejivunia kazi yake. Mtu asiyeogopa maji wala giza. Kila sifa niliiweka nyuma ya mtu na mzigo wake kichwani, vilevile tulivyofundishwa. Yule mama akawa anaandika. Halafu akauliza kwa nini anaitaka kazi hii.

Hilo sikuwa nimelitayarisha. Nikamtazama mume wangu, mikono yake imelala juu ya magoti haina cha kushika. "He is a man tired of a chair," nikasema. Mtu aliyechoka na kiti. Macho yakaanza kuniwasha, nikafunga mdomo. Ndiyo, mimi, nilifunga mdomo.

Yule mama akaweka kalamu chini. "Umesema vizuri," akaniambia, kisha akamgeukia mume wangu. "Lakini vijana hawatafundishwa na mke wako. Lazima niisikie sauti yako. Hutaki kujisifu, sawa. Niambie habari za huyu."

Mume wangu akainua kichwa. Hakukohoa.

"She is a woman angry with me every day," akasema.

Mmoja wa wale wakubwa akacheka. Mume wangu akangoja kicheko kiishe.

"And never tired of me."

Mwanamke anayenikasirikia kila siku, na hajanichoka hata siku moja. Kumbe ule mfano wangu wa darasani alikuwa ameubeba tangu Jumamosi ile, na sasa alikuwa ananirudishia ukiwa umenyooka. Nililia. Nililia kwa sauti mbele ya wakubwa wa watu, nikijifuta kwa pindo la kitenge, na yule mama wa Kizambia akavua miwani yake akaanza kuisafisha ingawa ilikuwa safi.

Akamwambia alete karatasi zake Jumatatu.

Ndani ya teksi ya kurudi begi lake lilikaa katikati yetu. Tulipokaribia Kolwezi nikamgeukia.

"Tata, pale ulikosea."

"Nilikosea wapi?"

"Si kila siku. Jumapili, siku ya Mungu, mi napumzikaka."

Akatazama dirishani kidogo, halafu akanitazama mimi.

"Ile siku ndiyo inakuwaka murefu," akasema.