Sufuria ya Mama Indra

Bado sijaweza kuandika "alikuwa". Naanza "Mama Indra ni…", halafu nakumbuka, nafuta.

Mume wangu, Baraka, alinipigia akiwa kwenye basi la kwenda kazini. "Chérie, kwa Mama Indra kumefungwa." Nikamwambia labda amechelewa. Mama Indra kuchelewa! Mchana binti yake, Sharda, akatutumia ujumbe. Mama alilala, asubuhi hakuamka. Moyo.

Kwa ambao hamkumjua: ni yule mama wa kimgahawa cha roti, chapati za kwao, hapa mtaa wa Beechmont, meza nne, dirisha lina mvuke tangu asubuhi. Ukimwita Mhindi, anakurekebisha: "Mimi ni wa Suriname." Iko Amerika ya Kusini. Babu za babu zake walitolewa India kwenda kulima miwa huko, na roti zao zikaenda nao.

Ndiko nilikokutana na mume wangu. MUME WANGU! Bado nalipenda hili neno, mnisamehe, hata leo.

Tulikuwa tumetoka shifti moja ya warehouse, hatujuani. Meza zimejaa, Mama Indra akatukalisha pamoja bila kutuuliza. Baraka akaomba uma. Mama akamwangalia juu mpaka chini: "Hiyo mikono yako ni ya urembo?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Roti laini imekunjwa kama kitambaa, kuku wa masala, viazi, maharage yale marefu ya kijani, na yai zima. Tukala kwa vidole kama tunavyokula bugali nyumbani. Mama akapita na birika, akasema, "Hawa wawili wanajua." Mimi nilikuwa namwangalia Baraka tu.

Siku nyingine aliona mihogo kwenye mfuko wangu. Akafurahi, akasema hata kwao wanaila sana. Nikamuuliza, na sombe mnaipikaje?

"Sombe ni nini?"

"Majani yake, Mama."

"Majani? Tunatupa."

"Mnatupa SOMBE?" Baraka alisimama kabisa. Mgahawa mzima ukageuka. Mama Indra akacheka mpaka akafuta macho kwa aproni.

Tangu siku hiyo, kila tukiingia, kabla hata ya salamu: "Majani yangu yako wapi?"

Wiki ya harusi yetu alikuja Newburg, kwenye apartment ya wazazi wangu, amebeba sufuria kubwa ya kuku na viazi, roti zimefungwa kwenye taulo jeupe. Mama yangu hajui Kiingereza. Mama Indra hajui Kiswahili. Walikumbatiana mlangoni kama watu waliosoma darasa moja.

"Usiharakishe kuirudisha sufuria," akaniambia. "Bibi harusi haoshi vyombo vya watu." Halafu akainua kidole: "Lakini isirudi tupu."

Nikacheka, maana mama yangu angesema hivyohivyo. Hata kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu.

"Irudi na majani yangu."

Na hapa ndipo ninapoumia.

Nilitaka apate sombe ya kweli. Siyo ya friza. Majani mabichi, niyatwange mwenyewe, mawese mazuri, samaki mkavu. Nikawa nasubiri duka la vyakula vya kwetu lilete majani. Baraka akasema, "Bon, mpelekee tu ya friza. Ni chakula, si mtihani." Mimi nikajibu, "Mtu anaonja sombe mara ya kwanza mara moja tu!"

Nilikuwa na furaha nyingi, jamani. Nyumba yetu, mapazia yetu, mume wa kumpikia. Sufuria ikakaa juu ya friji, inang'aa. Kila nikiiona nasema, wiki hii.

"Majani yangu?"

"Yanakuja, Mama."

"Na mimi nazeeka hapa!"

Tulicheka wote watatu.

Jana nilipika. Majani ya friza, yaleyale niliyoyakataa. Nimeshachukua samaki, Baraka akanishika mkono. Sharda alikuwa amemwambia kwamba kwao, msiba ukiwepo, hawali nyama wala samaki, na nyumbani kwa marehemu hawawashi jiko. Chakula kinatoka kwa watu.

Nikampigia mama yangu. "Sombe bila samaki? Hiyo ni sombe ya nani?"

"Ya Mama Indra."

"Basi ongeza karanga."

Nyumbani kwa Mama Indra tulikuta Sharda amefika kutoka Columbus, na mjomba wake kutoka Buffalo. Sharda aliitambua sufuria kabla ya kufunua. "Hii ya mama." Akainua mfuniko, akaniangalia. "Haya ndiyo yale majani?"

Kumbe mama yake alikuwa anamsimulia.

Watu walikuwa na njaa, lakini hakuna aliyegusa. Sharda alichota kijiko cha kwanza, akakiweka kwenye kisahani mbele ya picha ya mama yake, karibu na taa ndogo. Mama kwanza. Kanisani kwetu hatufanyi hivyo. Nilisimama tu, nimemshika Baraka mkono, naangalia kile kisahani.

Halafu mjomba akaonja. Akaonja tena. Akatikisa kichwa, akasema polepole: "Na sisi tulikuwa tunatupa."

Tukacheka. Halafu Sharda akalia, na mimi nikalia.

Mama Indra, nilitaka uile ya moto, umesimama kwenye mlango wa jiko lako, unanitania. Ningekuletea tu ya friza wiki ile ya kwanza. Ungeila. Ungesema inataka pilipili.

Ulitukalisha meza moja, na bado tumekaa.

Lala vizuri, Mama. Sufuria imerudi. Haikurudi tupu.