Dimbwi la Bibi kule Yombo

Harufu ya mafuta ya taa ikinipata ghafla, hata leo, roho hunichafuka. Wanangu hucheka, wakidhani ni deko la uzeeni. Nyie nitawaambia.

Mto wetu wa Yombo, nyuma ya Temeke, ulikuwa mto wa masika tu. Ulikuja na kelele, ukachukua kuku wa watu, ukaenda zake. Kiangazi ulibaki mchanga, na chini ya mchanga, maji. Kila nyumba ilichimba dimbwi lake ikalifunika makuti, na dimbwi la nyumba halikuonyeshwa mgeni. La bibi yangu mzaa mama lilikuwa kwenye matete, la baridi, linanuka tope na kambale. Kwa maji yale alimwagilia mchicha wa kuuza, na mchicha ndio uliomweka mjane yule kwenye kibanda chake bila kumpigia mtu magoti.

Mwaka mmoja, enzi za Mwingereza, walikuja watu wa mbu, kaptula mapajani, pampu mgongoni. Kila maji yaliyotuama waliyapulizia mafuta ya taa, mbu wasizaliane.

"Shikamoo, mama. Hapa kwako hakuna dimbwi?"

"Marahaba, baba. Hakuna. Mto umekauka, si unaona mwenyewe?"

Nilikuwa na miaka saba, na mwalimu wetu wa Kurani chuoni alikuwa ametukaririsha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Lakini sikudhani bibi anadanganya; nilidhani amesahau, maskini.

"Lipo, bibi! Lile la kwenye matete!"

Nikatangulia mbio, nikayafunua makuti kwa mikono yangu, nikingoja kusifiwa. Nikasifiwa kweli.

Kambale hupanda juu kuvuta pumzi. Siku ile walivuta mafuta. Kufika alasiri walikuwa wameelea, matumbo juu, na mchicha ulikauka wiki hiyohiyo. Kabla ya vuli bibi alikunja mkeka wake ahamie Kigamboni kwa mjomba, kwa mkamwana aliyekuja kumhesabia hata vipande vya muhogo.

Siku anaondoka, jirani mmoja alimwuliza kwa hasira, "Nani alikuchongea?"

"Hakuna mtu," bibi akasema, kanishika mkono. "Walilinusa wenyewe."

Nikauchomoa mkono wangu. Sasa nilijua kwamba hakusahau kitu, kwamba bibi yangu ni mwongo, tena mchana kweupe. Nilikuwa mtu mzima, yeye keshazikwa hukohuko Kigamboni, ndipo nilipoelewa kuwa uongo ule aliusema kunikinga mimi. Hata kwaheri sikumpa.