Gauni la Bluu Lenye Mfuko Ulioshonwa kwa Mkono

Admin, naomba ufiche jina langu, na jina la ofisi usiliulize. Kasulu tunajuana hadi kwa viatu.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, nakaa Heru Juu kwa shangazi yangu. Nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo. Shule nilisoma kwa Kiingereza na nyumbani tunaongea Kiha, kwa hiyo ofisi moja ya mjini ikanichukua nijitolee mapokezi, niwaelewe wageni wa mbali na wazee wa vijijini. Tatizo ni kwamba mimi nina aibu sana. Watu wakinitazama, sauti inakwama kooni.

Siku ya kwanza nilivaa sketi ya kubana ya binamu yangu. Kwenye bodaboda nilikaa upande, na kushuka ikapasuka. Dada Zawadi, ninayekaa naye mezani, akanikagua kuanzia chini. "Mdogo wangu, hiyo sketi umeivaa au imekuvaa?" Ofisi nzima ikacheka. Baadaye alinionea huruma. "Gauni la kazini usilijaribu umesimama kama mshumaa. Likalie. Inama uokote kalamu. Nyanyua mkono kama unatoa faili juu. Likikuruhusu yote hayo na bado ukapendeza, hilo ni lako."

Nikaenda kwenye mitumba. Nilipekua hadi vidole vikajaa vumbi, ndipo nikaliona. Bluu iliyoiva, kola ndogo, mikono inafika kwenye kiwiko ili asubuhi ya baridi usitetemeke, chini limepanuka. Nilikaa nalo, nikainama, nikanyanyua mkono. Halikulalamika popote. Upande wa kulia lilikuwa na mfuko mrefu ulioshonwa kwa mkono, kwa uzi wa kijani. Mama muuzaji akasema, "Hilo halikutoka kwenye belo, mwanangu. Kuna mtu wa hapahapa kaniletea. Ila ni safi, limefuliwa." Kwa furaha niliyokuwa nayo, sikujiuliza kitu.

Jamani, lile gauni lilinibadilisha. Nikilivaa nilikuwa nasimama wima, nakaribisha watu, hata bosi akasema kumbe huyu binti ana sauti. Sijawahi kujipenda hivyo.

Ijumaa moja akaingia mama mmoja wa Nyakitonto, amekuja kufuatilia kitambulisho. Nikasimama kumkaribisha. Hakusalimia. Alizunguka meza, akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni langu, taratibu, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko wake mwenyewe.

"Huu mfuko niliushona mimi," akasema.

Binti yake alikuwa anafanya kazi ofisini huko Kibondo. Aliugua akafa. Mnajua kwetu, siku ya kumaliza msiba nguo za marehemu wanagawiwa ndugu, kila mmoja abaki na kipande cha mtu wake. Haziuzwi. Ndugu mmoja aliyepewa gauni la bluu alilipeleka kwenye mitumba.

Nikamwambia, "Mama, kesho nitakuletea, nisamehe." Akakataa.

"Mwana wanje, mwanangu, kwangu litakaa limekunjwa. Kwako linatembea."

Tangu hapo anakuja kila Ijumaa. Kitambulisho ameshapata, shida nyingine hana. Anakaa kwenye benchi na kitenge chake mabegani, ananiangalia. Nikipeleka faili kabatini ananifuata kwa macho mpaka nirudi. Nikivaa nguo nyingine anauliza kwa sauti ndogo, "Leo hukulivaa?" kama mtoto aliyenyimwa chakula. Basi nalivaa.

Juzijuzi nilikuwa nimeinama naandika, nikasikia, "Neema!" Nikaitika, "Abee mama."

Mimi siitwi Neema. Neema ni yule binti yake.

Nilimwona mama akifunga macho na kutabasamu. Sikuweza kumsahihisha. Tangu siku hiyo, mtu akiita Neema barabarani nageuka.

Nilimsimulia shangazi, akaacha kupepeta maharage. "Rudisha kwa wenyewe. Nguo ya ukoo wa watu inakujua wewe?" Dada Zawadi yeye akacheka. "Mdogo wangu, sisi wote tumevaa nguo za Wazungu ambao hatujui kama wapo hai. Nani anakosa usingizi? Unampa mama wa watu faraja, na gauni limekukaa. Tulia."

Ijumaa iliyopita mama alikuja na mfuko. Ndani kuna gauni jingine, la njano, la kazini vilevile. "Hili nililificha, sikuligawa. Jumapili ijayo tunamfanyia ibada ya kumbukumbu nyumbani. Njoo umelivaa. Ukae na sisi tu, hata usiongee."

Nikaenda kulijaribu chooni. Nilikaa, nikainama, nikanyanyua mkono. Limenikaa kama nilipimwa. Lina mfuko uleule, uzi uleule wa kijani. Nikaingiza mkono, nikakuta pipi ya tangawizi, mpya kabisa. Mimi tangawizi siipendi tangu utotoni. Nilishtukia nimeshaimenya, iko mdomoni, na ni tamu.

Nilipotoka, mama alinitazama shavu lililovimba kwa ile pipi. Alilia tu.

Ndugu zangu, Jumapili inakaribia na magauni yote mawili yananing'inia ukutani mbele yangu. Nikienda, naogopa kwamba nitakaporudi Heru Juu sitakuwa mimi. Nikiyarudisha, yule mama nitakuwa nimemzika mwanawe mara ya pili, na mimi Jumatatu nitarudi kuwa yule wa sauti kukwama kooni. Nishaurini, nifanye nini? Ila naomba asitokee mtu wa kuniambia ni nguo tu.