Mazishi Ambayo Alinanuswe Hakuyaona

Alinanuswe alikuwa mwanamke wa kucheka kwa sauti. Miaka kumi na minne alichuma chai huko Nkunga, na msimamizi alijua yuko mstari gani kwa kusikiliza kicheko tu. Mumewe, Enosi, alikuwa mtu wa maneno machache. Alilima migomba na kahawa, na kila walikokwenda, kanisani au sokoni, alimpakia mkewe nyuma ya pikipiki yao kuukuu. Majirani waliwatania kwamba watu wazima wenye mtoto wa sekondari wanazurura kama wachumba. Wenyewe hawakujali.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu walikuwa wakirudi kutoka Masukulu, walikokwenda kumjulia hali dada wa Alinanuswe. Mvua ilikuwa imeshinda ikinyesha. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu gurudumu la mbele liliteleza, pikipiki ikawatupa mtaroni wote wawili. Alinanuswe aliangukia bega la kulia, akasikia kitu kikikatika ndani yake. Akamwita mumewe.

"Nipo," Enosi akaitika.

Hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia kutoka kwake.

Wasamaria waliwaokota kwa magari mawili tofauti. Alinanuswe alipewa rufaa ya kwenda Mbeya, maana mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika vipande vitatu na ncha ya kimoja ilikuwa inaisukuma ngozi kutoka ndani. Daktari alimwambia watampasua na kuuunga kwa chuma, ila presha iko juu mno, lazima ishuke kwanza.

Aliyekuja kumuuguza ni Atupele, dada mkubwa wa Enosi.

"Enosi anaendeleaje, wifi?"

"Amelazwa kule Tukuyu. Ameumia mguu."

"Anakula?"

"Anakula. Amesema na wewe ule."

Basi akala. Jumanne Atupele hakuonekana kutwa nzima, akaja binamu mmoja badala yake. Jumatano alirudi na ndizi za kupika na maharage, macho yamemvimba. Alinanuswe alimuuliza ana nini.

"Moshi, wifi. Kuni mbichi. Kula, hizi kazituma mumeo."

Alhamisi wakamwingiza chumba cha upasuaji, wakamchoma nusukaputi. Alipozinduka koo lilikuwa limekauka, bega zito, linawaka moto. Alimtafuta Atupele kwa macho. "Mpigieni Enosi," alisema. "Mwambieni nimetoka salama." Atupele alitoka nje ya wodi, akakaa huko kitambo kirefu.

Siku mbili baadaye alipita mama mmoja wa kwaya kutoka kwao Nkunga, aliyekuja kumwona mgonjwa wa kitanda cha jirani. Alipomwona Alinanuswe alimshika mkono wa kushoto kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana na msiba, mama Joel. Lakini tumemzika vizuri. Watu walijaa mpaka barabarani."

Atupele alikuwa amesimama na chupa ya chai mkononi. Alinanuswe akamgeukia.

"Mmemzika nani?"

Mama wa kwaya alijiziba mdomo.

"Lini?"

"Jumanne," Atupele akasema.

"Jumatano ukanilisha ndizi zake."

Hakulia. Aligeukia ukutani kwa upande usiouma, na mpaka aliporuhusiwa hakumsemesha tena wifi yake.

Polepole aliyajua yote. Enosi alikuwa akivuja damu tumboni, akafariki Jumapili asubuhi. Ukoo ulikaa kikao, na baba mdogo wa Enosi, Ambilikile, akakata shauri kwamba mjane asiambiwe mpaka apasuliwe, presha isije ikampanda wakazika wawili. Atupele alikuwa amepinga. Aliambiwa kazi yake ni kuuguza.

Alinanuswe alifika nyumbani matanga yameshaanuliwa. Kaburi lilikuwa mbele ya nyumba, pembeni ya migomba, na maua yake ya plastiki yamechuja kwa mvua. Ndani kila kitu kilikuwa kimefagiliwa na kupangwa. Joel alikuwa amerudishwa shule. Waombolezaji walikuwa wamekwenda zao, na mtu hawezi kuwaita waje waanze upya.

Atupele hakuondoka. Kila asubuhi alimwogesha, akamchana nywele, akamvalisha mashati ya Enosi, kwa kuwa gauni la kupitisha kichwani lilimshinda kwa sababu ya ule mkono uliofungwa kwa kanga shingoni. Alimfunga vifungo kimoja kimoja. Nyuzi zilipotolewa, wakaelekezwa mazoezi: vidole vitambae ukutani, kila siku vifike juu kidogo zaidi. Alinanuswe aliuma meno, jasho likamtoka, na Atupele aliweka alama ya mkaa pale vidole vilipokomea.

Wiki ya sita, asubuhi, akiwa anafungwa vifungo, alisema, "Nieleze."

"Nikueleze nini, wifi?"

"Mazishi. Yote. Usinifiche hata kidogo."

Atupele aliketi kitandani. Akaeleza nani walichimba kaburi, na kwamba walikuta jiwe ikabidi wasogee hatua mbili. Akataja nyimbo. Akaeleza jinsi Joel alivyotupa udongo kisha akakataa kuondoka pale.

"Mlimvika nini?"

"Suti ya harusi yenu."

"Ile?" Alinanuswe alimkazia macho. "Ile ilikuwa imeshambana, wifi. Alikuwa hawezi kuifunga. Aliniapia hataivaa tena."

"Hatukujua. Aliyejua ni wewe, na wewe hukuwepo."

Atupele alianza kulia aliposema hivyo. Alinanuswe alinyanyuka, shati limefungwa nusu, akatoka nje mpaka kaburini. Hapo akapiga yowe. Lilikuwa yowe la mtu aliyefiwa saa ile ile, nalo lilivuka migomba likashuka bondeni. Majembe yalitupwa mashambani. Wanawake walikuja mbio huku wakijifunga kanga viunoni.

"Nani tena?" waliuliza. "Nani amefariki?"

"Ni Enosi," Atupele akawajibu. "Huyu alikuwa hajamlilia."

Hakuna aliyecheka wala kugeuka. Mmoja alikata majani ya migomba akayatandika chini, wakaketi kumzunguka Alinanuswe, wakalia naye mpaka jua likapinda.

Mwezi wa sita picha ya eksirei ilionyesha mfupa umeunga. Chini ya kovu chuma kinapapasika kwa kidole, na baridi ya asubuhi inapokaza huuma. Kapu la chai hawezi kulibeba tena, kwa hiyo anapalilia migomba kwa jembe jepesi, anapumzika, anapalilia. Kwenye kicheko chake sasa hakuna sauti.

Baba mdogo Ambilikile alikwenda kumwomba radhi. Alinanuswe alimpa kiti, akamchemshia chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kuja. Kwamba amemsamehe, hakusema. Atupele ndiye aliyemsindikiza mzee mpaka njiani, akarudi, akakuta wifi yake ameshampakulia chakula.